Nafasi Mbili Kwenye Benchi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe sita mwezi wa tano, mwaka 2003, saa tano ya asubuhi. Siku hiyo askari wa kigeni walikuwa wanamaliza kuondoka Bunia, na kila mwenye masikio alijua kitakachofuata. Hata wauza mihogo walikuwa wamefunga. Lakini wakubwa wa shule walitaka mkutano wao wa kila mwezi, ule ambao mwalimu mmoja anatoa somo la mfano na wenzake wanamsahihisha. Inspekta ametangaza, inspekta atakuja. Basi Honorine, mke wa fundi Anaclet, akachukua mfuko wake wa vijiti vya matete akaenda shuleni Rwambuzi kuwaonyesha wenzake namna ya kufundisha kugawa.

Inspekta hakutokea. Zilitokea bunduki.

Siku ya tano Anaclet aliukuta mwili wa Honorine kando ya njia ya uwanja wa ndege, mfuko ukiwa bado begani. Direkta Baudouin, mkuu wa shule, alipokuja kutoa pole alisema, "Gari ya ofisi yenye kutukimbiza ilijaa, papa. Haikubakia nafasi hata ya kuku." Anaclet akaishi na neno hilo miezi miwili, akiligeuza na kuligeuza, kwa maana yeye gari ile aliijua.

Mwezi wa saba walimu walifungua madarasa katika kambi ya waliokimbia vita, chini ya plastiki, na mkutano wao ukarudi. Mwalimu Adeline alimfuata Anaclet kwenye hema lake.

"Papa, utusaidie na vile vijiti vya mama. Chaki hatuna."

"Nitavileta mimi mwenyewe," akasema.

Aliwakuta wameketi juu ya madumu, Baudouin peke yake akiwa na kiti. Mwalimu Roger, aliyekimbia kutoka Aveba, ndiye alikuwa akisema.

"Mi nimeshindwa na kutoa. Nawauliza watoto: mama iko na kuku saba, askari anabeba tatu, inabakia ngapi? Darasa yote inajibu sifuri. Nasema hapana. Wananiambia, mualimu, weye haujue askari? Anabeba yote."

"Utumie maembe," Adeline akamshauri.

"Na maembe anabeba."

Wakacheka kidogo.

Anaclet akaishusha katoni iliyokuwa ubao wao, akamwaga vijiti juu yake. "Muache niwaonyeshe vile mama alikuwa anafundisha kugawa."

"Leo fundi wa choo atatusahihisha," Roger akasema.

"Choo yenu ya Rwambuzi haijaanguka, walimu. Mulihesabu nyinyi ama mimi?"

Anaclet aliacha shule mwaka wa tatu. Lakini kila somo Honorine alilijaribu kwake kwanza, akisema kama Anaclet ameelewa, basi darasa zima litaelewa. Na katika kugawa alikuwa na sheria yake, na Anaclet akawaambia: kinachobaki hakiandikwi tu pembeni. Mtoto asimame, aseme kila kijiti kilichobaki kimekwenda wapi na kwa nini. Kabla ya hapo, hakuna kufuta.

Akachukua kipande cha makaa, akachora mistari miwili. "Hii ni gari ya ofisi. Nyuma iko na benchi mbili, watu wanne wanne. Wakati wa kujenga choo niliipanda na wasaidizi wangu, tulikuwa nane, na simenti juu ya magoti." Akahesabu vijiti kumi na kimoja. "Hawa ni walimu wa siku ile; Direkta na dereva walikaa mbele. Nane wanapanda. Inabakia ngapi?"

"Tatu," mtu akajibu kwa sauti ndogo.

"Mama Adeline, weye ulikuwa ndani. Siku ile mulipanda wangapi huko nyuma?"

Adeline alimtazama Baudouin, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Mwishowe akainama, akatoa vijiti viwili kwenye mistari, akaviweka pamoja na vile vitatu. Watano. Wanne kati yao walifika kambini kwa miguu, na wote pale walimjua wa tano.

Baudouin akakohoa. "Papa Anaclet, tunakuhurumia. Lakini hii haiko mu programu."

"Najua. Na kufa haikukuwa mu programu."

Anaclet akaandika maneno machache chini ya mistari, polepole, makaa yakivunjika mara mbili. Hakuna aliyemharakisha. Akarudisha vijiti mfukoni, akampa Adeline kama alivyoahidi, akatoka.

"Roger, ufute," direkta akasema.

Roger alishika kitambaa, akaisoma katoni, akakiweka kitambaa chini. "Yenye kubakia bado haijasemwa, Direkta."

Baudouin akakunja makaratasi yake, akafunga mkutano kabla ya saa.

Asubuhi katoni ilikuwa imening'inizwa tena mahali pake, bado haijafutwa. Watoto wakaisoma kwa pamoja, wakijikwaa kwenye herufi za fundi, kisha wakageuka kumngojea mwalimu wao awajibie swali lililoandikwa: benchi zilibakia na nafasi mbili, je, zilikaliwa na nini?