Jagoda na Karatasi za Mjane

Mimi Otylia sina subira na watu wanaojitesa bure, na Jagoda alijitesa mpaka nikatamani kumzaba kofi. Tulikuwa tukitumia chumba kimoja cha kuvalia pale kwenye ukumbi wa maigizo. Kwa miaka na miaka alikuwa kuku. Sitanii: kuku wa michezo ya watoto ya Jumapili asubuhi, mabawa, mdomo wa karatasi na kila kitu. Basi siku mwongozaji wetu Seweryn alipompa nafasi ya mjane mwenye nyumba ya wageni, mhusika asiyetoka jukwaani tangu pazia lifunguliwe mpaka lifungwe, nililia kwa furaha kabla hata yeye mwenyewe hajalia.

Furaha haikudumu. Jagoda akaazima vitabu vinene vya historia ya nyumba za wageni. Akajifunza kukanda unga, kwa sababu mjane hukanda mkate. Akaanza kuvaa nyeusi eti ana majonzi, hali mjane mwenyewe ni kichekesho kitupu, kazi yake kuwachezea shere wachumba! Na maneno aliyasoma kila mara kuanzia mwanzo. Akikwama, anarudi mwanzo. Mwanzo aliujua kuliko sala ya Baba Yetu. Akifika katikati tu, jasho.

"Shangazi, kichwa kimejaa," aliniambia. "Nikiingiza neno upande huu, jingine linamwagikia upande ule."

"Hicho kichwa au ndoo?" nikamwuliza. "Mwanangu, hakuna anayemeza sufuria nzima ya pierogi za viazi. Unachukua moja, unaipaka siagi, unaila. Kisha unamtazama jirani kama amebakiza zake."

Hakucheka. Hilo lilinitia hofu kuliko jasho lake.

Jumatano alikwama mazoezini mbele ya kila mtu. Seweryn si mtu mbaya, lakini siku ya kufungua mchezo ilikuwa imekaribia. Akamwambia kwa upole: ifikapo Ijumaa aseme kama anaweza, la sivyo atamwita mwigizaji kutoka mji mkuu, Warszawa.

Ijumaa Jagoda aliingia na hata koti hakuvua. Akazoa karatasi za maneno yake mezani.

"Unakwenda wapi nazo?"

"Namrudishia. Amwite huyo wa Warszawa. Mimi ni kuku, Shangazi."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga!" nikamfokea.

"Haya yana barafu," akajibu, akatoka.

Nikamfuata, gilasi ya chai mkononi, nikisonya. Ofisi ya Seweryn iko chini, mwisho wa ngazi. Jagoda alikuwa ngazi ya juu kabisa pindo la koti lilipomnasa mguu. Akadaka ukuta, kibanio cha karatasi kikafyatuka, na mjane mzima akaporomoka ngazini, karatasi moja huku, nyingine kule.

Akainama aokote.

"Thubutu!" nikapiga ukelele.

Mkono ukabaki hewani. Kwetu karatasi za mchezo zikianguka haziokotwi mpaka mwenye nafasi azikanyage. Ukiokota hivi hivi, mchezo wenyewe utaanguka. Cheka ukitaka, mimi sijamwona mwigizaji hapa, hata msomi, aliyejaribu.

"Lakini mimi narudisha," akasema.

"Bado hujarudisha! Mpaka ule mlango, mjane ni wako. Kanyaga. Au unataka sisi wengine tuzomewe kwa ajili yako?"

Hilo hakuweza kututendea. Akakanyaga ya kwanza kwa kununa. Sasa, jicho la mwigizaji likiangukia maneno yake, mdomo haukai kimya. "Kitanda kipo, bwana, ila mbwa amekiwahi," akanung'unika, na yaliyofuata akayasema akitazama ukuta. Nikamjibu maneno ya mchumba. Akashuka kwenye karatasi ya pili, nayo ilikuwa ya karibu na mwisho kabisa, mjane anapomfukuza mchumba kwa mwiko. Akaisema yote! Hapakuwa na mwanzo wa kurudia, zilikuwa zimechanganyika. Karatasi moja, mguu mmoja, maneno yakaja. Ya katikati pia, yale ya jasho.

Bogumił, fundi taa, akatoka kuona kelele za nini, akabaki akiigiza mchumba wa pili kwa sauti mbaya ajabu. Mshonaji wetu Lucyna akaja na pini mdomoni, akawa anachekea puani. Jagoda akavua koti, akalitupa huko. Loo, nilifurahi mpaka chai ikanimwagikia!

Akafika chini. Karatasi ya mwisho akaikanyaga, akaitazama, akanyamaza.

Mlango ukafunguka. Seweryn, miwani juu ya paji la uso. "Kuna nini? Nani kafa?"

Kila mtu alijua leo ni Ijumaa. Nilitaka kumsemea, nikauma ulimi, na kwangu mimi hiyo si kazi ndogo.

Jagoda akaokota ile karatasi.

"Bwana Seweryn, nimekuja kukurudishia..." Akageuka, akazitazama karatasi zake zilizotapakaa ngazi nzima. "Nimekuja kukurudishia huu. Ukurasa huu mmoja. Wageni wameondoka, mjane hasemi kitu, anafuta meza tu. Sijui anawaza nini. Lakini zile nyingine zote ni zangu, na simpi mtu."

Seweryn akashusha miwani, akasoma. Akasoma tena.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilikuwa nangoja wewe uniambie."

"Na yule wa Warszawa?" Bogumił akadakia. Mdomo huo!

"Yupi?" akauliza Seweryn.

Jagoda akampokonya karatasi mkononi, akampita, akatangulia kuingia mle ofisini.

"Karibu ndani, bwana," akamwambia kutoka humo humo. "Funga mlango, baridi inaingia. Keti tuwaze."

Na Seweryn akaufunga.