Kanga Waliojua Kengele

Mwalimu Apolonia aliwapa wanafunzi wa klabu ya mazingira sheria moja tu: kanga wa kurudishwa porini hazoeshwi binadamu. Vifaranga walianguliwa na kuku wa mpishi wa shule, wakikua wapelekwe ngitilini, kwenye pori ambalo kijiji kimelifunga lisilishwe mifugo. Kanga wa asili wa pale walikwisha zamani kwa mitego.

"Tunawalea, hatuwafugi," alisema.

Sufiani wa kidato cha tatu aliiandika sheria hiyo kwa mwandiko mzuri, kisha akaivunja. Kila ringi ya lori iliyotundikwa kama kengele karibu na bwalo ilipogongwa kuita watu chakulani, yeye alipenyeza makande bandani. Jumatatu moja, mkuu wa shule akihutubia mstarini juu ya utovu wa nidhamu, Sufiani alifungua banda na rafiki yake Doto akagonga ringi. Kanga wakaja mbio, vipara na madoadoa yao, wakasimama mbele ya mkuu kwa adabu ambayo shule ile haikuwahi kuiona. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mkuu naye alicheka.

Mwalimu Apolonia hakucheka. Aliwahamishia kanga banda la mbali, wasikosikia ringi, na masika yalipokwisha akawaachia ngitilini akiamini wamesahau.

Kumbe hawakusahau. Wachimbaji wa dhahabu walipiga kambi kando ya ngitili, na mpishi wao naye akatundika ringi.

Marwa, mlinzi wa ngitili, alikuja shuleni na mfuko wa manyoya. "Mwalimu, hata mtego hawategi. Wakigonga, ndege wanajileta wenyewe hadi kwenye sufuria. Amebaki jike mmoja."

Sufiani, aliyekuwa amesimama karibu, aliutazama mfuko ule.

Mwalimu alimchukua hadi ngitilini na ringi kuukuu. "Mimi hanijui," alisema. "Mwalimu wake ni wewe. Gonga. Akija, mpige mawe."

Aligonga. Jike akatoka vichakani mbio, akasimama miguuni pake, akainua kichwa kusubiri makande. Sufiani akarusha jiwe likapita mbali.

"Ukimkosa wewe, wale hawatamkosa," Mwalimu alisema.

La pili lilimpata ubavuni. Jike akaruka pembeni, akatikisa mabawa, akarudi, kana kwamba kumetokea makosa. Sufiani akampiga tena. Alikuwa analia sasa, kamasi zinamtoka kama mtoto wa chekechea. Akampiga tena, na jike akachechemea kuingia vichakani.

"Gonga."

Aligonga. Kimya.

"Gonga tena."

Aligonga kwa muda mrefu, akiomba asije, na akitamani aje. Hakuja.

"Amefaulu," Mwalimu Apolonia alisema taratibu, akamnyang'anya jiwe mkononi.

Jioni ringi ya bwalo ilipolia, wenzake walikimbia na sahani zao. Sufiani alibaki amekaa kitandani, hakuinuka.