Uzito wa Msuli

Mzee Likwata alikuwa ameshapandisha magunia kumi na manane ya korosho kwenye lori la chama cha ushirika pale Kiranjeranje, na jasho ndiyo kwanza linaanza kumtoka, karani Nassibu alipomwita mizanini bila hata kumwamkia.

"Wachukuzi wote waliovuka miaka hamsini na mitano wapimwe. Amri ya wilaya."

Likwata alipanda kwa majivuno. Kazi ile alikuwa ameifanya miaka thelathini, na ukimtoa mkewe, hakuna alichokipenda zaidi. Mizani ikaonyesha kilo themanini na nane. Nassibu akapitisha rula kwenye karatasi yake.

"Kwa urefu wako mwisho sitini na nane. Wewe mnene, mzee. Na katika nchi ya ujamaa mnene ni nani? Kupe!"

Watu wakaangua kicheko. Likwata hakucheka. Kwa amri ile, kila aliyeandikwa mnene alinyang'anywa magunia, akapewa ufagio.

Brigita, nesi wa zahanati aliyeitwa kushuhudia upimaji, alimfinya mzee tumboni. Vidole vikakosa cha kushika. "Ndugu karani, mafuta hapa hamna. Karatasi yako inajua kilo tu, haijui ni kilo za nini. Huu uzito ni wa msuli."

Nassibu akautazama msuli wa mistari aliojifunga mzee kiunoni. "Basi auvue, tumpime upya."

Hapo dereva wa lori alicheka mpaka akaulalia usukani. Likwata naye, pamoja na uchungu wake, akacheka machozi yakamtoka. "Huu wa nguo nitauvua, mwanangu. Ule wa mwilini je?"

Nassibu, kwa aibu, aliandika MNENE kwa herufi kubwa, akagonga muhuri. Mzee akakabidhiwa ufagio.

Kufika alasiri magunia arobaini yalikuwa bado chini. Wachukuzi wawili waliobaki walikuwa wamekaa wanahema, na dereva anapiga honi.

"Shikamoo, Mzee Likwata," Nassibu akaanza.

"Marahaba."

"Hebu tusaidie kidogo, mzee wangu."

"Nivunje amri ya wilaya?" Likwata akaegesha ufagio ukutani, akaitoa ngata yake kichwani, akamvisha karani taratibu. Siku nzima hakuwa amejisikia vizuri namna ile. "Wewe karatasi inakukubali. Pandisha, ndugu karani. Ukishindwa, niite nikuazime msuli."