Kura Iliyoning'inia Nguzoni

"Juu diwani, chini mgonjwa," Shangazi alisema, akijitazama. Alikuwa amevaa blauzi yake ya vikao na kujifunga shuka la kulalia, mguu wa kulia umenyooshwa kitandani ndani ya plasta ya hospitali. Nilicheka ili naye acheke, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu niliyoiegemeza kwenye jagi la maji. Ndani yake ukumbi wa halmashauri ulionekana, madiwani wanavuta viti.

Siku hiyo walikuwa wanapiga kura: halmashauri ivute intaneti yake mitaani, au iiachie kampuni iliyopo peke yake kama ilivyokuwa. Kila mtu alishajua nani yuko wapi. Bila Shangazi, pande mbili zilikuwa sawasawa, na zikiwa sawa mwenyekiti ndiye anaamua, na mwenyekiti alikuwa mtu wa kampuni, hakujificha. Shangazi aliruhusiwa kupiga kura akiwa nyumbani, kwa sharti moja: uso uonekane na mkono uonekane. Picha ikipotea, ahesabiwe hayupo.

Na hiyo picha ilikuwa inapita kwenye waya wa kampuni. Mtaani kwetu waya mwingine hakuna, na mtandao wa simu haubebi picha.

Kaka yangu ni fundi wa kampuni hiyo. Wanamwita Kima, kwa jinsi anavyokwea nguzo. Shangazi alitulea wote wawili tangu mama alipofariki, na tangu habari ya kura ianze, hapa nyumbani chakula kililiwa kwa mabishano.

"Halmashauri gani, Shangazi? Hii ambayo taa ya barabarani ikiungua inakaa hivyo mpaka watu wanasahau kama palikuwa na taa?"

"Kampuni yenu imefika bondeni?"

"Bondeni nyumba moja huku, nyingine kule. Kuvuta waya ni hasara."

"Kwa hiyo wa bondeni si watu. Watoto wao wanakuja kujibandika ukutani kwangu na simu za baba zao kama mijusi, wapate kusoma. Sijasema kampuni ifukuzwe. Nimesema wawe wawili."

"Wawili gani, Shangazi? Mmoja ana duka, mwenzake ana duka na sheria mfukoni."

Nilimwona Shangazi mara nyingi akiligeuza neno lile kichwani, maana halikuwa la kipuuzi.

Sasa katibu alikuwa ameanza kuita majina, na kata yetu ilikuwa ya mwisho. Nikasikia ngazi ikigonga nguzo nje ya dirisha. Alikuwa Kaka, na kofia yake ya kazi.

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa amefungulia kikao kwenye redio mpaka mwisho wa sauti. "Kima! Leo unakwea nyumbani? Hata hodi hupigi?"

Kaka, ambaye kwa yule mama hakosi jibu, aliendelea kukwea.

"Nimemwona," Shangazi alisema kabla sijafungua mdomo.

"Nikamzuie?"

"Muache. Ile ni kazi yake, na hii ni yangu." Lakini vidole vyake vilikuwa vinakunjakunja shuka.

Picha ikaganda, katibu mdomo wazi. Ukutani, taa ya kisanduku cha intaneti ikawa nyekundu.

Redio ya jirani iliendelea. Katibu aliita kata yetu. Kwao ni desturi: asiyeitika huitwa mara tatu, ndipo aandikwe hayupo.

"Nipo!" Shangazi aliiambia simu. Kisha akaelewa, akageukia dirishani, akaipigia kelele redio ya jirani kana kwamba ina masikio. "Nipo! Nipo hapa!"

Nikatoka mbio. Kaka alikuwa juu, mkanda kiunoni, ncha ya waya mkononi. Sikupiga kelele. Nilishika ngazi.

"Umeambiwa ukate?"

"Ama waya, ama kazi." Hakuniangalia. "Wifi yako yuko karibu kujifungua, mdogo wangu. Nifanyeje?"

Redioni katibu akaita mara ya pili. Ukumbini kulikuwa na minong'ono, na mtu mmoja akacheka.

"Jamani, nipo!" Sauti ya Shangazi ilikuwa imepasuka. Kisha jagi likaanguka, likavunjika.

Kaka akageuka. "Anainuka?"

"Anainuka."

"Na ule mguu? Mwambie akae!"

"Mwambie wewe."

"Shangazi, kaa!" Alipaza sauti mpaka fundi cherehani akatoka barazani. "Kaa chini, narudisha! Narudisha!"

Nilirudi ndani. Shangazi alikuwa sakafuni, ameshika ukingo wa kitanda, shuka limelowa. Nikaokota simu, nikaielekeza usoni kwake. Taa ilikuwa bado nyekundu. Redioni katibu akaita kwa mara ya tatu na ya mwisho. Taa ikapepesa, ikazima, ikawa kijani, na ukumbi ukarudi mkononi mwangu.

"Mheshimiwa, umeanguka?" mwenyekiti aliuliza.

"Nimeanguka." Mkono wake ulikuwa juu. "Na ninaunga mkono hoja. Andikeni."

Kaka aliingia na mkanda kiunoni. Tukamwinua pamoja, tukamlaza. Simu ilikuwa inalia mfukoni mwa Kaka, inakatika, inalia tena. Shangazi alimshika mkono wa shati.

"Ulichomoa."

"Nilichomoa."

"Huku unanisikia naita."

"Nilikusikia, Shangazi."

Alimtazama mpaka nikaona aibu kuwepo pale. "Pokea simu," alisema. "Usiwafanye wakutafute."

Kaka akatoka. Kwa jirani vigelegele vilikuwa vimeanza. Nikainama kuokota vipande vya jagi.

"Shangazi, halmashauri nayo si itataka mafundi? Ukiwaambia kwamba..."

"Usimalizie." Alikuwa amegeukia ukuta. "Nikimwombea kazi pale hata kwa nusu neno, watasema nilipigia kura nyumba yangu. Na watakuwa hawajakosea."

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta maji. Nje Kaka alikuwa anasema ndiyo bosi, ni mimi mwenyewe niliyerudisha, ndiyo bosi.