Miguu, Babu

Fundi aliinua miguu kabla ya kuambiwa. Ufagio ulikuwa bado mbali, kwenye kona ya chemchemi iliyokauka, lakini masikio yake yalikuwa yameuzoea mkwaruzo wake kama yalivyouzoea mlio wa cherehani enzi zile alipokuwa akishona. Akakaa hivyo kwenye benchi, nyayo zikining'inia, mzee mzima anayesubiri.

"Miguu, babu," mfagiaji akasema alipofika, kisha akacheka kidogo. "Kumbe leo umeniwahi."

Akafagia chini ya benchi, akasema, "Ahsante, babu," akaenda zake. Fundi hakujibu. Tangu mkewe afariki alikuwa akija bustanini kila asubuhi, na moyoni aliamini ni yeye anayemfadhili yule mama mfagiaji: anainua miguu, kazi inakwenda. Nyumbani hakuwa na wa kumwambia hata "sogea". Akikohoa, ukuta ndio unaomwitikia.

Basi serikali kuu ikaamka siku moja ikagundua kwamba bustani haikuwa yake. Haya, halmashauri, chukueni. Ni mali yenu, itunzeni. Halmashauri ikaipokea kwa makofi na kukata utepe, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mpaka utue mabegani mwako. Maji yalipokatwa ndipo kila upande ukaanza kumnyooshea mwenzake kidole. Fahali hawa hata hawakupigana. Walisukumiana tu, nyasi zikaota hadi magotini.

Mfagiaji alikuwa mwajiriwa wa wizara. Wizara ikamrudisha ofisini, akafagie korido.

"Kesho siji, babu," alimwambia, ufagio umesimama. "Wamenihamisha."

"Haya," fundi akasema. Miguu ilikuwa bado juu. Kulikuwa na neno jingine lililomkaa kooni, asilijue ni lipi, na alipolipata yule mama alikwisha kuvuka geti.

Jioni ile nyumbani alijaribu kuikumbuka sura yake, akashindwa. Miaka yote hiyo! Alichokijua ni raba za bluu, ya kushoto imetatuka kidoleni. Fundi mzima, sindano anayo, uzi anao, na hakuwahi kusema, "Lete nikushonee." Aliona haya peke yake, mbele ya kiti kitupu.

Baada ya wiki kadhaa halmashauri ilileta kibarua, mwanamume wa makamo mwenye ufagio mpya. Fundi alisikia mkwaruzo ukija, akainua miguu, akangoja. Ufagio ukapita.

"Bwana, na hapa chini?"

"Mimi nimepewa njia tu, mzee. Mabenchi bado hawajakubaliana ni ya nani."

Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia leo kuna mawingu, akaendelea na njia yake. Fundi akaishusha miguu kwenye majani makavu. Upweke ulimkamata pale pale, mchana kweupe, ukamkaba hasa.

Asubuhi iliyofuata alikuja na ufagio wa nyumbani. Kwenye benchi lake alimkuta muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, sare imekunjamana, macho kwenye simu. Mabenchi mengine yalikuwa matupu. Angeweza kuanzia huko. Lakini alifagia kumwelekea yeye, polepole, akiukwaruza ufagio makusudi ili asikike.

"Miguu, mwanangu."

Muuguzi akainua miguu. Macho hayakutoka kwenye simu. Fundi akafagia chini yake, akafagia tena palipokwisha kuwa safi, na magoti yakamuuma.

"Ahsante, mwanangu."

Hakujibiwa, wala hakumlaumu. Akabaki amesimama, ameuegemea ufagio, akimtazama yule binti usoni, vizuri, asije akamsahau.