Ukuta wa Vivuli vya Spana

Watu wa mkoa wa baridi wa Pohjanmaa hawapendi kuomba msaada. Mtu atalisukuma gari lake kwenye theluji peke yake hadi kiuno kimkatike, na jirani atamtazama dirishani bila kutoka, kwa kuwa kumsaidia asiyeomba ni kumvunjia heshima. Kwa hiyo Taisto Hietala alipomwita mkewe Raili kwenye banda la gari, siku moja ya vuli, na kumwambia, "Nisaidie," Raili aliziacha karoti zake kwenye sinki na kutoka mbio na aproni yake.

Sababu aliijua. Baada ya kiharusi kidogo alichopata Taisto majira ya kuchipua, mkono ulirudi, mguu ukarudi, hata ulimi ukarudi. Kumbukumbu ndiyo iliyorudi kwa vipande. Taisto alikuwa fundi wa mabasi maisha yake yote, na alipostaafu akawa fundi wa kijiji kizima kwa malipo ya kahawa na samaki waliokaushwa kwa moshi. Sasa alikuwa amefunga injini ya trekta ya binamu yake na kuacha kitambaa ndani. Binamu alicheka. Taisto alikuja kukaa juu ya tairi kuukuu ndani ya banda lake na kulia, na Raili hakuwahi kumwona akilia, hata walipomzika mama yake.

"Nikinyang'anywa spana," alisema, "sijui nitakuwa nani."

Raili alilitazama banda. Kulikuwa na viatu vya kuteleza barafuni vya watoto ambao sasa wana mvi, makopo ya rangi iliyoganda, baiskeli isiyo na mnyororo, na katikati ya takataka zote hizo gari la mtu likisubiri breki. Spana zilitupwa ndani ya ndoo moja pamoja na misumari na maganda ya mbegu.

"Humu huwezi kukumbuka kitu," alisema. "Hata mimi mwenye akili zangu timamu ningesahau jina langu."

"Asante kwa kunitia moyo, bibie."

"Karibu. Shika upande ule wa kabati."

Wakafanya kazi vuli yote. Walitoa vitu nje, wakagombana juu ya kila kimoja, wakachoma kilichochomeka. Walipaka kuta rangi nyeupe na sakafu rangi ya kijivu ili nati ikidondoka ionekane. Wakafunga taa ndefu darini, wakaweka meza ya kazi chini ya dirisha, na pipa lenye kifuniko kwa vitambaa vya mafuta. Lakini kazi kubwa ilikuwa ukuta wa mbele. Taisto alitundika kila chombo kwenye msumari wake, na Raili, ambaye mkono wake haukutetemeka, akakizungushia penseli na baadaye akajaza umbo lile kwa rangi nyeusi. Nyundo ilipoondolewa, kivuli chake kilibaki ukutani. Vivyo hivyo koleo, bisibisi, na spana zote kuanzia ndogo hadi ile ndefu ya kipimo, ambayo hutoa mlio nati inapokazwa sawasawa.

Taisto aliujua utaratibu huo kutoka karakana ya mabasi, na aliueleza polepole, kama mtu anayejifundisha mwenyewe. Kivuli kikiwa wazi, kazi haijaisha. Ukuta ukijaa, kazi imekwisha, gari liende. Na aliyetoa chombo ndiye anayekirudisha, baada ya kukamilisha alichokitolea.

"Hakuna mwingine wa kukigusa," alisema. "Hata wewe."

"Nani ana haja na spana zako? Nikizishika, unga wa mikate utanuka grisi mwezi mzima."

Alicheka, na akagonga paji lake kwa kidole, kisha akauonyesha ukuta. "Kichwa changu sasa kiko pale, Raili. Hiki cha hapa nakitumia kuvalia kofia tu."

Na ukuta ulifanya kazi. Magari yaliingia na kutoka, na hakuna lililorudi. Taisto alianza tena kula vizuri na kulala usingizi. Watu walikuja kushangaa, wa kwanza wao akiwa Ilpo Rantala, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa amevua samaki na Taisto tangu wote wawili wakiwa na nywele.

"Hii ni gereji au hospitali?" Ilpo aliuliza mlangoni. "Nivue viatu?"

"Vua na mdomo wako, uutundike pale. Nimekuachia nafasi."

"Haitatosha, mzee. Utahitaji ukuta mwingine."

Raili alisikia vicheko vyao akiwa jikoni, akamshukuru Mungu, yeye ambaye kanisani huenda kwa mazishi na kwa mishumaa ya Krismasi tu.

Siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, Ilpo alileta gari lake abadilishiwe pedi za breki za mbele. Binti yake alikuwa anakuja kwa treni ya jioni kutoka kusini, na barabara ya kwenda stesheni ilikuwa kioo kitupu cha barafu. Taisto alianza asubuhi. Gurudumu la kulia alilimaliza, akalikaza kwa spana ya kipimo hadi ikalia. La kushoto alilirudisha, akazungusha nati kwa mkono, akaliteremsha gari kutoka kwenye jeki, kwa kuwa nati hukazwa gari likiwa limesimama chini. Hapo ndipo Raili alipomwita aje amsaidie kusimamisha mti wa Krismasi. Taisto aliiweka spana juu ya meza kabla hajazikaza, akaenda.

Mti ulikuwa umepinda na ulitaka watu wawili na matusi kiasi. Uliposimama, Raili alimpa mumewe uji wa mchele na mdalasini, naye akajinyoosha kidogo kwenye kochi, na dakika hiyo hiyo akakoroma. Raili alimfunika blanketi. Alikuwa amesugua nyumba yote, madirisha, sauna, hata ngazi za kibarazani. Mama yake alimlea akijua kwamba Krismasi haiingii penye uchafu, na kwamba mwanamke anayeikaribisha Krismasi huku kona moja ikiwa na vumbi atakuwa na mwaka wa vumbi. Kona iliyobaki ilikuwa banda.

Akachukua ufagio. Alifagia theluji iliyoyeyuka na vumbi jeusi la breki, akafuta meza, akatupa vitambaa kwenye pipa. Mezani kulikuwa na koleo, bisibisi mbili na ile spana ndefu. Akaangalia ukutani, akaona vivuli vinne vitupu, akatundika kila kimoja mahali pake. Vilikaa barabara, kwa kuwa vivuli vile alivichora yeye. Alirudi nyuma hatua kadhaa akautazama ukuta ukiwa kamili, akaona raha moyoni. Sheria waliyowekeana haikumjia hata kidogo. Alichokuwa nacho akilini ni nyama ya nguruwe iliyokuwa ikisubiri oveni. Mgonjwa alikuwa amelala kwenye kochi, na mwenye kichwa kizima ndiye aliyesahau.

Ilpo alikuja saa ya kahawa, akala kipande cha mkate mtamu akiwa amesimama, maana alikuwa na haraka. Taisto alitoka naye. Raili aliwafuata na vyombo vya takataka, na kutoka uani akamwona mumewe amesimama kwenye mlango wa banda, macho ukutani, kidole kikipita kwenye kila chombo safu kwa safu, taratibu, bila kuruka hata kimoja.

"Ukuta umejaa," alisema Taisto. "Gari lako tayari. Nenda polepole, na msalimie binti."

"Nikienda polepole atafika nyumbani Pasaka," alisema Ilpo, akawasha gari.

Raili alitabasamu. Alidhani Taisto ameona usafi wake, na kwamba atamshukuru baadaye. Kwao mtu hatangazi wema wake mwenyewe.

Gurudumu la kushoto lilichomoka kwenye kona ya kinu cha zamani. Gari lilikwenda upande wa pili wa barabara, na lori la magogo lilikuwa linakuja. Ilpo alikufa kabla waokoaji hawajamaliza kulikata gari ili wamtoe. Binti yake alisimama stesheni na sanduku lake hadi mtu akakumbuka kumpigia simu.

Walipoletewa habari, Taisto alikwenda bandani bila koti. Raili alimfuata. Alimkuta anautazama ukuta, anapitisha kidole tena kwenye safu zile, na kila alipomaliza alianza upya.

"Nilikaza," alisema. "Ukuta umejaa, kwa hiyo nilikaza. Lakini sikumbuki kukaza la kushoto. Nakumbuka la kulia. La kushoto silioni, Raili. Nimerudisha spana bila kukaza."

Hapo ndipo Raili alipoelewa. Kesho, alijiambia, nitasema kesho, leo tayari ni msiba. Kesho ikawa mkesha wa Krismasi.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Askari alikuja baada ya sikukuu, kijana mpole, akaketi jikoni akauliza. Raili alisimama nyuma yake na birika la kahawa.

"Nilisahau," alisema Taisto. "Andika hivyo. Mimi ni mgonjwa, nilijua kuwa ni mgonjwa, na nikasahau."

"Kuna mtu mwingine aliyeingia bandani?"

"Hakuna. Vyombo vyangu haviguswi na mtu."

Birika lilikuwa zito mno. Raili alimmiminia askari kahawa, akamsogezea sukari, na kimya chake cha pili kikawa rahisi kuliko cha kwanza. Ndivyo uoga ulivyo. Unadai sana mwanzoni, baadaye unajilipia wenyewe.

Daktari alimpima Taisto, akamwambia ataje majina ya vitu, achore saa. Majibu hayakuwa mazuri, na kesi ikafungwa. Mazishini, kila familia ilipokwenda mbele kuweka maua, Taisto na Raili walikwenda nao, kwa kuwa Tellervo, mjane, alituma neno kwamba waje. Watu huko husoma beti fupi mbele ya jeneza na kurudi kukaa. Taisto hakusoma kitu.

"Nilisahau, Ilpo," alisema, mbele ya kanisa zima. "Nisamehe."

Raili alikuwa ameshika shada upande mmoja. Alitaka ardhi ipasuke, nayo ardhi ya mwezi wa kwanza kule imeganda, haipasuki hata kwa sururu. Baadaye, kwenye ukumbi wa parokia, Tellervo alimjia na kumshika viwiko.

"Ajali haina kinga," alisema mjane. "Simlaumu. Ila wewe nakuonea huruma, mwenzangu. Ndiwe unayebeba mzigo wa mtu asiyejua anachofanya."

Raili alisema asante. Alilisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, akajichukia.

Taisto alivitoa vyombo vyake vyote, akavipa chuo cha ufundi. Kisha, bila kumshauri mtu, akaomba nafasi kwenye nyumba ya wazee ya mjini, ile yenye mlango unaofunguliwa kwa namba. Watoto walipinga kwenye simu. Daktari mwenyewe alisema bado mapema, mwenye hali kama yake anaweza kukaa nyumbani miaka, akiwa na mke mzima kama huyu. Taisto alitikisa kichwa.

"Nitawasha jiko nisahau, nimchome Raili usingizini. Siwezi kujiamini tena. Bora nikae penye mlango uliofungwa kabla sijaua mwingine."

Nafasi ilipatikana. Asubuhi ya kuondoka, Raili alikuwa anamkunjia soksi za sufu kwenye begi, na Taisto amekaa ukingoni mwa kitanda na koti lake tayari, kama abiria. Ndipo Raili alipopiga moyo konde. Aliona kwamba akinyamaza sasa, atakuwa amewazika wawili.

"Taisto. Wewe hukusahau."

Mzee alimtazama.

"Uliiacha spana mezani, kama ilivyotakiwa. Nilikuita kwenye mti. Ukalala. Mimi nikaingia kufagia, nikavitundika vyombo vyote. Ni mimi niliyejaza ukuta. Ungekikuta kile kivuli kiko wazi, ungekaza. Kichwa chako kilifanya kazi yake, mzee wangu. Ni mimi niliyemuua Ilpo."

Alisema yote kwa pumzi moja, na alipomaliza alikuwa amepiga magoti zuliani. Alingoja ukelele, kofi, chochote. Taisto aliuweka mkono wake kichwani mwa mkewe na kuzipapasa nywele zake.

"Wewe mwanamke," alisema polepole. "Hata hili unataka kunibebea."

"Sikubebei. Ni kweli. Niliishika kwa mkono huu."

"Usilie."

"Taisto, niamini!"

"Angekuwa mtu mwingine, ningeamini." Alikuwa anatabasamu, na macho yamemjaa machozi. "Lakini nimekaa nawe karibu umri wote. Ungekuwa umeitundika wewe, ungesema siku ile ile, mbele yangu, kabla maiti haijapoa. Usingeniacha nisimame kanisani vile. Nakujua, Raili. Kichwa kimepoteza mengi, lakini hilo bado ninalo."

Nje, teksi ilipiga honi. Taisto alijiinua kwa kushika bega la mkewe, akachukua begi, na kumshukuru.