Haya ya Kuaga na Haya ya Kupasua

Usingizi wa jana ulinipeleka sebuleni kwa bibi yangu, nikaikuta mashine yetu ya kupasulia kuni imekaa kwenye kochi. Imetandikiwa vitambaa vya kufuma, inakunywa mafuta yake kwa glasi. Nikaiamkia. Ikaitikia marahaba.

Kiwanda chetu cha chai nacho kilikuwa hapohapo, nyuma ya pazia, na tanuri lake linalia njaa. "Kuni!" linasema. "Majani yanachacha huku!"

Mimi na Mama Luvanda, mwenzangu wa zamu, tuna mbinu ya kwenda mbio. Yeye anaweka gogo na kulishikilia, mimi navuta mkono wa mashine. Akisema "haya", navuta. Tunajisifu sana kwa mbinu hiyo.

Na mwanamke yule, jamani, ni fundi hasa. Gogo la mkaratusi likiona viganja vyake linajigeuza lenyewe.

"Upande huu, mama?" linauliza.

"Huohuo, baba."

Dirishani anapita jirani. "Mama Luvanda, baadaye!"

"Haya!" anamjibu.

Navuta.

Kabari ya mashine inasogea taratibu, kama mzee anayepeleka sadaka mbele. Vidole vya Mama Luvanda vimo njiani. Nataka kurudisha ule mkono wa mashine, umeganda. Naogopa mpaka meno yananiuma. Vidole vile, Mungu wangu, vidole vile!

Kabari ikagusa pete yake ya ndoa, ikasimama.

"Haya ipi hiyo?" mashine ikauliza, ikiweka glasi chini. "Ya kuaga au ya kupasua?"

"Ya kuaga," tukasema kwa pamoja.

"Nguvu zote ninazo mimi, na sina haraka. Nyinyi mnakimbilia wapi? Anayeweka gogo ndiye anayevuta. Na neno hilo nalichukua."

Ikatuambia tufumbue vinywa, ikalichomoa polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Sijawahi kuona mashine yenye malezi mema kama ile. Niliipenda palepale.

Asubuhi mke wangu akaniita, "Chai hiyo, njoo kabla haijapoa."

Nikafumbua mdomo nimjibu kama siku zote. Neno halikutoka. Ulimini nilisikia ladha ya mafuta ya mashine.

"Naam," nikasema. Akachungulia kuona kama naumwa.

Simu ikaita. Alikuwa Mama Luvanda.

"Mdogo wangu, leo tupokezane. Anayeweka avute mwenyewe, mwingine akae mbali. Halafu kuna neno limenigomea tangu alfajiri, hata sijui nikwambieje."

"Naam, mama," nikamjibu. "Hata mimi limenigomea."

"Eeh," akasema. "Hilohilo."